Barabara ya Appia: njia iliyokanyagwa na Mtakatifu Paulo

Safari ninayotaka kuwasimulia ilianzia darasani, siku mwanafunzi mmoja aliponiuliza swali nisiloweza kulijibu.

Tulikuwa tumefikia sura ya mwisho ya Matendo ya Mitume. Paulo, mfungwa wa Kaisari, ameokoka katika dhoruba ya bahari, ameshuka pwani ya Puteoli, naye anakwenda Roma akilindwa na askari. Ndugu wa Roma wanapata habari zake na kutoka mjini kumlaki. Wengine wanafika hata Soko la Apio, wengine hata mahali paitwapo Mikahawa Mitatu. Paulo anapowaona anamshukuru Mungu na kupata moyo.

Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono. “Mwalimu, njia hiyo ipo hata leo, au imekwisha kupotea?”

Nilijua jina la barabara hiyo, nilijua na mwaka wa kujengwa kwake, kwa maana tuliyasoma hayo seminarini pamoja na Kilatini. Lakini kama mtu wa leo aweza kuikanyaga kwa mguu wake, hilo sikulijua. Nikajibu kama wanavyojibu walimu wanaposhindwa: “Siku nitakapojaliwa kufika Roma, nitakuletea jiwe lake.” Darasa zima likacheka, kwa kuwa waliona mshahara wa mwalimu na mji wa Roma ni vitu visivyopatana.

Basi, miaka miwili baadaye nikajaliwa. Kijana mmoja niliyemfundisha kusoma zamani, sasa ni padri, naye anaendelea na masomo yake Roma. Ndiye aliyenipokea, akanipa kitanda na chakula, na asubuhi ya pili akaniuliza nataka kuona nini kwanza. Nikamwambia: “Padri, kabla ya yote nionyeshe njia ya Paulo. Nina deni darasani.” Mfukoni nilikuwa na kitabu kidogo cha kuandikia, na kamba nyembamba ya katani. Nitaeleza baadaye kazi ya kamba hiyo.

Barabara yenye jina la mtu

Kwa Kilatini inaitwa Via Appia, maana yake barabara ya Appius. Aliyeianzisha ni Appius Claudius, mwenye cheo cha kuhesabu raia na kusimamia kazi kubwa za mji, mwaka 312 kabla ya Kristu. Yeye ndiye pia aliyewajengea Waroma mfereji wao wa kwanza wa kuleta maji mjini. Uzeeni alipofuka macho, na kwa sababu hiyo vitabu vinamwita Appius Kipofu.

Siku zile Waroma walikuwa wakipigana na Wasamniti, watu wa milimani upande wa kusini, nao walitaka njia ya kupeleka askari na chakula upesi mpaka mji wa Capua. Kutoka Roma hata Capua ni karibu kilometa 195. Baadaye njia ikaendelezwa kidogo kidogo, ikafika Benevento, ikafika Taranto, na mwisho ikafika Brindisi, bandari ya kuvukia kwenda Ugiriki na nchi za mashariki. Kwa jumla ni zaidi ya kilometa 500. Watu wa kale waliipa jina la heshima, wakaiita malkia wa barabara.

Hapo mwanzo ilifunikwa changarawe tu. Miaka michache baadaye kipande cha karibu na mji kikaanza kutandikwa mawe, na kazi hiyo ikaendelea. Mafundi walichimba mtaro mpana, wakajaza mawe makubwa chini, kisha kokoto na mchanga, wakishindilia kila tabaka. Juu kabisa wakapanga mawe mapana meusi, kila moja limechongwa lipate kushikana na mwenziwe bila saruji. Katikati ya barabara paliinuka kidogo kuliko kandoni, ili maji ya mvua yateremke pande zote mbili na kuingia mifereji. Sisi tunaoona kila masika jinsi malori yanavyozama katika matope, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Hakuna adui wa barabara kama maji yaliyokosa pa kwenda.

Na mawe hayo meusi yalitoka wapi? Yalitoka tumboni mwa ardhi. Zamani sana, kabla mtu hajajenga nyumba mahali pale, volkeno ya Milima ya Alban ilimwaga moto wake mpaka karibu na mahali ulipo mji wa Roma leo. Moto ukapoa, ukawa mwamba mgumu. Waroma wakauchonga mwamba ule wakaufanya barabara. Niliposikia hayo nilitabasamu, kwa maana sisi wa pande za Nyiragongo tunajenga kuta za nyumba zetu kwa mawe ndugu ya yale.

Kutoka langoni

Mahali barabara ilipoanzia, lango la Capena, halionekani tena. Tulianzia basi lango la Mtakatifu Sebastiano katika ukuta wa Kaisari Aurelianus, ulioanza kujengwa mwaka 271 baada ya Kristu. Ni lango kubwa lenye minara miwili, na mgeni hudhani ndilo mwanzo wa mambo yote. Kumbe barabara inayopita chini yake ilikuwa na umri wa karibu miaka 600 lango lilipojengwa!

Hatua chache nje ya lango iko nguzo ya maili ya kwanza. Waroma walipima njia zao kwa maili, na maili moja ilikuwa hatua elfu, yaani karibu mita 1,480, kila hatua ikihesabiwa kwa kukanyaga mara mbili. Kila maili waliisimamishia nguzo ya jiwe, ili msafiri ajue ametoka wapi na amebakiza nini. Nguzo tuliyoiona ni nakala. Ile ya asili ilihamishwa karne ya 16, nayo leo inapamba kilima cha Capitolium katikati ya mji.

Sitaficha kwamba mwanzo wa safari ulinivunja moyo. Njia ni nyembamba, imebanwa na kuta ndefu pande zote, na motokaa hupita kwa kasi karibu na kiwiko cha mtembeaji. Chini hakuna mawe ya kale, bali vijiwe vidogo vya siku za karibu. Nikamwuliza Padri: “Ndiyo hii?” Akajibu: “Mwalimu, ulitufundisha kwamba kitabu hakihukumiwi kwa ukurasa wa kwanza.” Nikanyamaza, kwa maana maneno hayo yalikuwa yangu.

Hatukwenda mbali tukafika kanisa dogo liitwalo Domine Quo Vadis, yaani Bwana, unakwenda wapi. Masimulizi ya kale, yasiyomo katika Maandiko Matakatifu, yanasema kwamba Petro alikuwa akiukimbia mji wakati wa mateso, akakutana na Kristu njiani hapa, akamwuliza neno hilo. Alipojibiwa kwamba Bwana anakwenda Roma kusulibiwa mara ya pili, Petro akageuka akarudi mjini kufa. Ndani ya kanisa kuna jiwe lenye alama ya nyayo mbili. Hilo nalo ni nakala, na lenyewe limo katika basilika ya Mtakatifu Sebastiano huko mbele. Wataalamu wanadhani lilikuwa sadaka ya msafiri fulani wa kale aliyeomba safari njema au kushukuru kwa kurudi salama. Hata hivyo niliona watu wakipiga magoti mbele yake, nami nikapiga pamoja nao. Hayo masimulizi yanatuuliza swali ambalo halihitaji jiwe la kulithibitisha.

Mji wa wafu kando ya njia

Sheria ya Roma ilikataza kuwazika wafu ndani ya mji. Kwa hiyo watu waliwazika kando ya barabara, nje ya malango, na matajiri walishindana kujenga makaburi makubwa ili kila msafiri asome majina yao. Wakristu nao walizika pande hizi, lakini wengi wao walikuwa watu wadogo wasio na fedha, na ardhi ilikuwa ghali. Wakachimba chini. Ndiyo asili ya makatakombe. Neno hilo lenyewe lilizaliwa mahali hapa, kwa maana eneo la Mtakatifu Sebastiano liliitwa hivyo kwa Kilatini kwa sababu ya mabonde na mashimo yaliyokuwako.

Tulishuka katika makatakombe ya Mtakatifu Kallisto. Huyu Kallisto alikuwa mtumwa hapo kwanza. Akawa shemasi, akakabidhiwa ulinzi wa makaburi haya, na mwisho akawa Papa. Hewa ya chini ni baridi hata wakati wa jua kali. Njia ni nyembamba, na kila upande ukutani mna matundu yaliyopangwa kama vitanda vya bweni, moja juu ya jingine, mengi yakiwa mafupi. Padri akaninong’oneza: “Hayo mafupi ni ya watoto.” Sikusema neno.

Mlinzi wetu alitusimulia jinsi mahali hapa palivyopatikana tena baada ya kusahauliwa karne nyingi. Mwaka 1849 mtaalamu mmoja kijana, Giovanni Battista de Rossi, alikuwa akipita katika shamba la mizabibu juu ya ardhi hii. Akaona kipande cha marumaru kilichovunjika, kimebakiza herufi za mwisho za jina la mtu na neno la Kilatini la kusema mfiadini. Akakisia kwamba jina lile ni Cornelius, Papa aliyekufa mwaka 253. Baba Mtakatifu Pio IX akalinunua shamba, watu wakachimba. Mwaka 1852 wakakuta kaburi, na juu yake kipande cha pili chenye herufi za kwanza za jina hilo. Vipande viwili vikakutanishwa, jina likasomeka lote. Mwaka 1854 kikapatikana na chumba cha Mapapa tisa wa karne ya tatu.

Habari hiyo iliniingia moyoni, nami sikujua bado kwamba kabla ya jioni ingenihukumu.

Mawe yenyewe

Kupita basilika ya Mtakatifu Sebastiano, na kupita uwanja alioujenga Kaisari Maxentius kwa mashindano ya magari ya farasi, njia inapanda kidogo. Juu ya kilima limesimama kaburi la mviringo la Cecilia Metella, pana karibu mita 30, kama tangi kubwa la mawe. Maandishi yake ni mafupi: bintiye nani, mkewe nani. Mume alikuwa wa ukoo wa Crassus, tajiri kuliko matajiri. Yapata mwaka 1300 jamaa ya Caetani, ukoo wa Papa Bonifasi VIII, waligeuza kaburi hili kuwa mnara wa ngome, wakafunga njia kwa lango, wakawatoza ushuru mkubwa wote waliopita. Wasafiri wakachoka, wakatafuta njia nyingine. Hivyo malkia wa barabara akaanza kuachwa, naye aliyemnyima wasafiri wake hakuwa adui kutoka mbali.

Na sasa, msomaji mpenzi, baada ya kaburi hilo motokaa zinapungua, kuta zinarudi nyuma, misonobari inasimama mirefu yenye vichwa kama miavuli, na chini ya miguu yako yanatokea mawe. Ni makubwa, meusi, yamelainika mgongoni kama ngozi ya kiboko aliyetoka majini. Ndani yake mna mifuo miwili inayokwenda sambamba. Magurudumu yaliyovikwa chuma yaliyachora, mwaka kwa mwaka, karne kwa karne. Nilivua viatu. Padri alicheka, kisha akavua vyake pia.

Nikatoa kamba yangu. Padri akashika ncha moja kwenye jiwe la ukingo upande huu, nami nikaivuta hata jiwe la ukingo upande wa pili, nikafunga fundo. Upana ni mita nne na kidogo, yaani futi 14 za Kiroma. Magari mawili yaliweza kupishana bila kushuka njiani, na nje ya mawe ya ukingo palikuwa na kijia cha wenda kwa miguu.

Tukatembea polepole. Makaburi yaliyobomoka yalitusindikiza pande zote: hapa nyuso tatu za marumaru zilizokwisha mapua, pale mnara wa matofali usio na jina. Kwenye maili ya tano tulipita magofu makubwa ya nyumba ya ndugu wawili wa ukoo wa Quintilii. Walikuwa wenye elimu na mali. Kaisari Commodus aliwaua mwaka 182 au 183, na nyumba yao ikawa yake. Karibu na maili ya sita liko kaburi kubwa kuliko yote, Casal Rotondo. Juu ya kaburi hilo watu wa baadaye walijenga nyumba ya shamba, na mizeituni inaota pale.

Lakini nisiwafanye mdhani kwamba njia hii iliona mambo ya fahari tu. Mwaka 71 kabla ya Kristu, watumwa walioasi pamoja na Spartacus waliposhindwa, mateka 6,000 walisulibiwa kando ya barabara hii, kutoka Capua hata Roma. Ukigawanya umbali kwa hesabu yao, ni msalaba mmoja kila mita thelathini na kitu. Nilisimama nikatazama mbele, nikahesabu kwa macho, kisha nikaacha.

Jiwe ambalo sikulichukua

Saa ya adhuhuri tuliketi kando ya njia kula mkate. Karibu na mguu wangu palikuwa na kipande cha jiwe jeusi, si kikubwa kuliko yai la kuku, kimemeguka kutoka katika jiwe la barabara. Nikakiokota. Kilikuwa kizito na chenye joto la jua. Nikamwona yule msichana wa dirishani, nikaona darasa zima likinyamaza, na kipande hiki kikipita mkono kwa mkono. Nikakitia mfukoni.

Padri aliona. Hakunikemea, kwa maana mtoto hamkemei mwalimu wake. Alisema tu: “Mwalimu, unajua jinsi barabara hii ilivyokwisha?” Kisha akanieleza.

Haikumezwa na tetemeko wala mafuriko. Iliondoka jiwe kwa jiwe. Karne nyingi watu walikuja na mikokoteni, wakabeba marumaru ya makaburi na kuichoma katika matanuru ili kupata chokaa ya kujengea. Walichukua mawe ya barabara kwa kuta za mashamba, na sanamu kwa bustani za wakubwa. Hakuna aliyekusudia kuiharibu njia yote. Kila mmoja alichukua alichohitaji siku ile. Kati ya mwaka 1850 na 1853, kwa amri ya Pio IX, mjenzi Luigi Canina aliifukua sehemu kubwa iliyokuwa imefunikwa na udongo. Naye akafanya jambo la busara. Vipande vilivyobaki hakuvipeleka vyote katika nyumba za makumbusho. Alijenga kuta ndogo za matofali, akavishikiza pale pale vilipookotwa, ili mpitaji avione mahali pake.

Miaka mia baadaye wakaja wevi wa namna mpya, wenye fedha. Walijenga nyumba za anasa katikati ya makaburi na kuzungushia kuta. Mwaka 1953 mwandishi wa magazeti, Antonio Cederna, akaanza kuandika dhidi yao, naye hakuacha mpaka kufa kwake mwaka 1996. Wakati huo huo barabara kuu ya motokaa inayouzunguka mji wa Roma ilikuwa imeikata njia ya kale vipande viwili. Mwaka 1965 serikali ilitangaza kwamba ardhi kandokando yake iwe hifadhi ya watu wote, lakini kutangaza ni jambo moja na kutenda ni jambo jingine. Kwa Yubile ya mwaka 2000 barabara ya motokaa ilishushwa chini ya ardhi, na njia ya kale ikaungwa tena juu yake. Mwaka 2002 serikali ilinunua nyumba moja mahali paitwapo Capo di Bove, na humo ndimo zinamohifadhiwa leo karatasi za Cederna. Mwaka 2016 ikaundwa hifadhi ya taifa ya barabara hiyo, na mwezi wa Julai mwaka 2024 UNESCO ikaiandika Via Appia katika orodha ya urithi wa dunia.

“Kila aliyechukua,” Padri akamaliza, “alisema ni kipande kimoja tu.”

Nikakumbuka marumaru ya Cornelius. Kama mtu angalikwisha kukichoma kile kipande kwa chokaa, jina lisingesomeka kamwe. Jiwe likiwa mahali pake ni shahidi. Likiwa mfukoni mwangu ni jiwe tu, na tunayo mawe meusi mengi nyumbani. Nikakirudisha pale pale nilipokitoa, nikakishindilia kwa kisigino. Naona haya kuwaambia kwamba ilinibidi kujilazimisha.

Mahali ndugu walipongojea

Siku mbili baadaye tulipanda motokaa ya rafiki mmoja kuelekea kusini, kutafuta mahali palipotajwa katika Matendo. Baada ya kushuka kutoka Milima ya Alban njia inanyoka kama uzi uliovutwa. Barabara ya lami ya leo imelala juu ya ile ya Appius, na kwa makumi ya kilometa haipindi. Zamani nchi hii ilikuwa kinamasi, yenye mbu na homa, na msafiri aliweza kuacha njia na kupanda mashua iliyokokotwa na nyumbu katika mfereji sambamba na barabara. Karne ya 18 Papa Pio VI aliitengeneza upya njia na mfereji. Kinamasi chenyewe kilikaushwa katika miaka ya 1930. Mfereji bado upo kando ya lami, maji yake yakienda taratibu.

Mikahawa Mitatu ilikuwa pande za mji wa Cisterna, maili 30 na kitu kutoka Roma. Soko la Apio lilikuwa kwenye maili ya 43, mahali panapoitwa leo Borgo Faiti. Ni kijiji kidogo, chenye daraja, nyumba chache, na motokaa zinazopita bila kupunguza mwendo. Tuliegesha, tukashuka. Hakuna la kumshangaza mtalii.

Lakini nilifanya hesabu katika kitabu changu. Maili 43 ni zaidi ya kilometa 63. Karibu na mwaka 60 au 61 watu wa Roma, ambao wengi wao hawajapata kumwona Paulo kwa macho, walisikia kwamba anakuja akiwa mfungwa. Wakaacha kazi zao, wakatembea zaidi ya kilometa 60 juu ya yale mawe ili wasimwache aingie mjini peke yake. Kisha wakarudi nao umbali ule ule. Kwetu tunajua maana ya kumsindikiza mgeni, tunajua na maana ya kwenda kumlaki. Lakini nani kati yetu angetembea siku mbili kwenda kumlaki mfungwa, machoni pa askari? Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Maandiko hayakusahau kutaja majina ya vituo viwili vidogo vya njiani.

Tulifika mpaka Terracina, ambako mlima unaingia baharini. Zamani njia ilipanda juu ya mlima ule kwa shida. Siku za Kaisari Trajanus mafundi waliukata mwamba kutoka juu hata chini ili njia ipite kando ya bahari. Walipokuwa wakishuka walichonga namba ukutani kila futi kumi, na ya mwisho chini ni CXX, yaani 120. Inasomeka hata leo. Juu, katika mji wa kale, mawe ya Via Appia yanapita katikati ya uwanja mbele ya kanisa kuu, na watoto wanacheza mpira juu yake.

Mbele ya hapo hatukuendelea, kwa maana fedha zilikuwa zimekwisha. Lakini anayeweza kuendelea atakuta kipande kizuri sana kati ya Fondi na Itri, katika bonde jembamba la milima. Atakuta mawe yakipita katikati ya magofu ya Minturnae. Benevento atakuta tao la Trajanus la mwaka 114. Na Brindisi, juu ya bandari, ataona nguzo moja ndefu, ambayo wenyeji tangu zamani huionyesha kama mwisho wa safari. Zilikuwa mbili. Ya pili ilianguka mwaka 1528, na mawe yake yakapelekwa mji wa Lecce kumbeba juu mtakatifu wao Oronzo.

Kamba

Niliporudi nyumbani, yule msichana hakungoja hata sala ya asubuhi imalizike vizuri. “Mwalimu, jiwe liko wapi?”

Nikawaeleza ukweli wote, pamoja na habari ya mfuko wangu. Wengine walisikitika. Mvulana mmoja akasema kwamba kipande kidogo hivyo kisingeonekana kupungua, na nusu ya darasa ikakubaliana naye. Sikubishana nao. Nikawatoa nje hata njia inayopita mbele ya shule, nikatoa kamba, nikamwambia msichana ashike ncha moja na yule mvulana ashike fundo. Wakaivuta. “Huo ndio upana wake,” nikasema. “Hapa askari, hapa mfungwa, hapa ndugu waliokuja kumlaki.”

Wakati ule ule watu wawili walitokea na chukudu zao, mmoja amepakia makaa, mwingine viazi, wakielekea pande mbili tofauti. Watoto wakainua kamba juu ya vichwa vyao. Chukudu zikapishana chini yake bila kugusana, na wenyewe wakasalimiana bila kujua kwa nini darasa zima linapiga makofi.

Msichana alipokuwa akiikunja kamba aliniuliza kama anaweza kuitunza yeye. Nikamkatalia, nikaitundika juu ya ubao, mahali ambapo kila mmoja anaweza kuifikia. Iko pale hata sasa. Kila mwaka tunapofikia sura ya mwisho ya Matendo ya Mitume, wanafunzi wapya huiteremsha, hutoka nayo nje, na kupima.